Mshahara wa afisa si siri ya vita

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mwanachama mmoja, mtoto wa sajini wa jeshi, mbele ya semina ya vijana na akina mama wa chama jijini Dar es Salaam. Tunaichapa kama alivyoisema. – Mhariri



Nimepewa mada ambayo watu wengi wanaiogopa. Pale mlangoni mzee mmoja amenishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, umekosa kabisa la kusema mpaka ukaamua kuligusa jeshi?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Jeshi siligusi. Nagusa bahasha ya mshahara tu." Akacheka, lakini naona amekwenda kukaa karibu na mlango wa nyuma.

Naielewa hofu yake. Katika nchi zetu tumezoeshwa kwamba chochote chenye nyota begani ni siri. Bunduki ni siri, kambi ni siri, kupiga picha daraja ni kosa, na mshahara wa kapteni nao umesukumwa humo humo. Hivi adui akijua kapteni analipwa kiasi gani atatufanya nini? Atatushinda kwa hesabu?

KOTA ZA JESHI

Mimi ni mtoto wa sajini, nimekulia kota. Ng'ambo ya uzio waliishi maofisa. Kulikuwa na meja mmoja, mtu wa watu, aliyekuwa akitupa lifti sisi watoto tukitoka shule. Meja yule akajenga nyumba, ikaisha. Akaanza ya pili. Basi maneno yakaanza pale bombani, akina mama wakichota maji. Kapata wapi? Wengine wakasema anauza petroli ya kambi. Wengine wakasema mkewe ana biashara ya vitenge. Wengine wakasema alirudi na mali kutoka vita vya Uganda. Baba yangu, ambaye alipigana vita hivyo hivyo vya mwaka 1978 na 1979, alikuwa akifoka tukiyarudia maneno hayo nyumbani.

Mpaka leo sijui ukweli ni upi. Huenda meja aliiba. Huenda alikuwa msafi, akajinyima sigara na pombe miaka 15, tofali moja kila mwezi. Hata kama alikuwa msafi hakuwa na karatasi ya kutuonyesha, na sisi hatukuwa na karatasi ya kumpimia.

Nyumbani kwetu hesabu ilikuwa nyingine. Baba alifariki mwaka 1989. Mama akafuatilia haki za marehemu katika ofisi moja ambayo sitaitaja, miaka minne mizima. Leo faili halionekani, kesho karani yuko likizo, keshokutwa rudi mwezi ujao. Siku alipolipwa akahesabiwa noti, akatia dole gumba. Hakuna aliyemweleza hesabu ile imepigwaje. Akapokea, akashukuru. Angebisha kwa karatasi gani?

Shikeni picha hizo mbili, ndugu zangu. Meja asiye na karatasi ya kujitetea, na mjane asiye na karatasi ya kudai. Sasa nawapeleka Marekani.

JEDWALI LINASOMWA NA KILA MTU

Nimechagua Marekani kwa sababu moja. Kule mshahara wa kila askari umo ndani ya sheria, unatangazwa kila mwaka, na yeyote anaweza kuusoma, hata adui. Mwaka 2024 askari wa cheo cha chini kabisa, akishapita miezi minne ya mwanzo, alikuwa na mshahara wa msingi wa dola 2,017 kwa mwezi. Luteni usu anayeanza kazi, dola 3,826. Jenerali wa nyota nne hakuruhusiwa kuvuka dola 18,491. Pigeni hesabu: mkubwa kuliko wote alipata kama mara tisa ya mdogo kuliko wote. Ukitaka kujua kanali jirani yako anapata nini huna haja ya kwenda bombani. Unauliza cheo chake na miaka yake ya kazi, unasoma jedwali.

Juu ya mshahara kuna posho. Posho ya chakula mwaka huo wa 2024 ilikuwa dola 460 kwa askari wa kawaida na dola 317 kwa afisa. Mmesikia vizuri, afisa ndiye aliyepata kidogo. Halafu kuna posho ya pango. Hii hufuata cheo, hufuata bei za nyumba katika mji aliko, na huongezeka kama ana familia. Posho zote mbili hazikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Kwa hiyo dola ya posho ni nzito kuliko dola ya mshahara, na familia yenye akili inalijua hilo tangu mwezi wa kwanza.

NYUMBA MOJA KILA UHAMISHO

Utajiri wenyewe unaanzia kwenye nyumba. Tarehe 22 Juni, 1944, vita vikuu vikiwa bado vinapiganwa, Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuwasaidia askari wanaorudi uraiani. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha mkopo wa nyumba ambamo serikali inasimama kama mdhamini. Kwa dhamana hiyo benki humkopesha askari bila kumdai kianzio. Mpango huo uko mpaka leo, kwa waliomo kazini na waliostaafu.

Sasa tazameni unavyofanya kazi. Tuchukue kapteni mwenye mke na watoto wawili, amepangiwa Fayetteville, mji wa kambi katika jimbo la North Carolina. Ananunua nyumba kwa mkopo ule, bila kianzio, na rejesho la kila mwezi analipa kwa posho ya pango. Baada ya miaka mitatu anahamishiwa Texas. Nyumba haiuzi, anaipangisha. Na nani anapanga katika mji wa kambi? Askari mwingine aliyehamia juzi, naye ana posho ya pango mfukoni. Kwa hiyo posho ya luteni inalipa mkopo wa kapteni! Texas anajaribu tena, safari hii benki itapiga hesabu ya dhamana iliyobaki. Wapo wanaomaliza miaka 20 wakiwa na nyumba mbili au tatu, na sehemu kubwa ya madeni imelipwa na wapangaji.

Si kila anayejaribu hufanikiwa. Bei ya nyumba huweza kuanguka, mpangaji huweza kuhama usiku. Lakini njia ipo, na anayeipita halazimiki kumficha mtu.

Nguzo ya pili ni pensheni. Kwa mpango wa zamani afisa akifikisha miaka 20 kazini, hulipwa nusu ya wastani wa mshahara wake wa msingi katika miezi 36 aliyopata zaidi, na hulipwa maisha yake yote, ikipandishwa kwa kufuata bei za vitu. Tuseme wastani wake ni dola 10,000. Atapata dola 5,000 kila mwezi. Kama alianza na miaka 22, anastaafu na miaka 42. Akijaliwa kufika 82, atakuwa amefanya kazi miaka 20 na kula pensheni miaka 40. Zidisheni wenyewe: ni dola milioni mbili na laki nne, kabla ya nyongeza. Na mtu wa miaka 42 bado ana nguvu, anaanza kazi ya pili na mshahara wa pili.

Walioingia jeshini tangu tarehe 1 Januari, 2018 wako katika mpango mpya. Pensheni imeshuka kutoka nusu hadi asilimia 40 kwa miaka 20, lakini serikali inaweka fedha katika akiba ya askari mwenyewe, mpaka asilimia tano ya mshahara wa msingi, naye akichangia tano yake. Akiondoka mapema haondoki mikono mitupu.

Nguzo ya tatu ni gharama ambazo familia haizibebi. Matibabu ya mke na watoto hugharimu kidogo sana au hayagharimu kitu. Na kwa sheria iliyoanza kazi mwaka 2009, askari aliyetumikia miaka sita, akikubali kuongeza minne, anaweza kumrithisha mkewe au mwanawe haki yake ya masomo ya chuo, miezi 36. Wenye watoto chuoni humu ndani wanajua hilo lina maana gani. Mzazi asiyeuza shamba kwa ajili ya ada, shamba anabaki nalo.

Jumlisheni sasa. Posho isiyokatwa kodi, nyumba isiyo na kianzio, akiba inayoongezewa, hospitali, chuo, na pensheni ya miaka 40. Hivyo ndivyo familia ya afisa wa Marekani inavyojenga utajiri. Ni polepole, kama mchwa na kichuguu, na hapakuibwa hata msumari mmoja.

HATA KULE KUNA WALALAHOI

Naona vijana wawili pale nyuma wananitazama kwa jicho la kwamba nimekuja kuisifia Marekani. Ngojeni kwanza.

Katika mpango wa zamani pensheni ilikuwa ya aliyefika miaka 20 tu. Ukitoka na miaka 19, hupati kitu. Na nani walifika? Kwa hesabu zao wenyewe karibu nusu ya maofisa walifika, lakini askari wa kawaida walikuwa chini ya mmoja katika kila watano. Mlango ni ule ule, ila mwenye nyota aliupita kwa urahisi zaidi. Ripoti ya wizara yao ya ulinzi ya mwaka 2022 ilikiri kwamba karibu robo ya askari walio kazini walikuwa na mashaka ya chakula cha kutosha nyumbani. Robo nzima, katika jeshi lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani!

Mke naye analipa. Kila uhamisho anaacha kazi na kuanza upya kutafuta nyingine, na kwa muda mrefu uchunguzi wao umeonyesha kuwa karibu mmoja katika kila wake watano wanaotafuta kazi hana kazi. Na rangi ya ngozi nayo ilikuwa na bei yake. Ile sheria ya 1944 haikuandikwa kwa weupe peke yao, lakini benki ndizo zilizotoa mikopo. Katika jimbo la Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa kwa ajili ya nyumba, biashara na mashamba, weusi walipata miwili. Miwili, ndugu zangu. Weupe wakapata nyumba za kurithisha watoto, weusi wakarudi kwenye nyumba za kupanga, na tofauti hiyo wajukuu wanaihisi mpaka leo.

Na vigogo wana mlango wao wa pembeni. Taarifa ya wakaguzi wa Bunge lao ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba makampuni 14 makubwa yanayouzia jeshi vifaa yaliajiri, mwaka 2019, zaidi ya watu 1,700 waliokuwa wakubwa au wanunuzi wa wizara ya ulinzi. Jana unanunua ndege kwa niaba ya serikali, kesho uko upande wa muuzaji. Huo nao ni ulaji, umevaa tai tu.

Lakini nawauliza: haya yote nimeyajuaje mimi, mtoto wa sajini, nikiwa hapa Dar es Salaam? Nimeyajua kwa sababu yameandikwa. Na kilichoandikwa hupiganiwa.

WAJANE WALIOHESABU

Mwaka 1972 Marekani waliweka mpango wa kumlinda mjane wa askari mstaafu. Mstaafu hukatwa kidogo katika pensheni kila mwezi, na akifa mjane hupata asilimia 55 ya kiwango alichokichagua. Lakini mjane ambaye mumewe alikufa kwa sababu ya utumishi alikuwa na fidia nyingine pia, na serikali ilikuwa ikikata dola moja hapa kwa kila dola iliyompa pale. Wajane wakaliona hilo kwenye karatasi zao. Wakaliita kodi ya wajane. Wakawaendea wabunge miaka nenda rudi, wamebeba hesabu mkononi. Desemba 2019 sheria ikabadilishwa, na kufikia Januari 2023 makato yale yakawa yamekwisha kabisa.

Hata mke aliyeachwa alipigana hivyo hivyo. Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya nchi ile ilisema pensheni ya askari haigawanywi katika talaka. Wanawake wakapiga kelele, na mwaka 1982 Bunge likatunga sheria inayoruhusu mahakama za majimbo kuigawa. Mwanamke aliyefuata uhamisho wa mume miaka 20 na kulea watoto peke yake akapata njia ya kudai jasho lake.

Mama yangu hakuwa mjinga kuliko wajane wale. Alijua kuhesabu vizuri sana, aliuza maandazi miaka 11 na hakupata hasara. Alichokosa ni karatasi.

ASKARI ASIYELIPWA

Msidhani Wamarekani walizaliwa na busara hiyo. Machi 1783, jeshi lao likiwa na madai ya muda mrefu, maofisa waliokuwa Newburgh walisambaza barua za vitisho, mpaka Washington mwenyewe akaenda kuwatuliza. Juni mwaka huo huo askari waliizingira nyumba walimokutana wabunge mjini Philadelphia wakidai mishahara, na wabunge wakakimbilia Princeton. Taifa changa lilijifunza kwamba askari mwenye njaa hugeuza bunduki nyuma.

Sisi hatuna haja ya kufundishwa hilo. Tarehe 20 Januari, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, ambayo leo ni Lugalo. Walidai mambo mawili: maofisa wa Kiingereza waondoke, na mishahara ipandishwe. Siku chache baadaye moto ukawaka Jinja na Lanet. Ikabidi tuwaite Waingereza wale wale kuuzima. Aibu ile ilitokana kwa sehemu na bahasha ya mshahara.

Tazameni jirani zetu wa iliyokuwa Zaire. Septemba 1991 askari wa Mobutu walitoka kambini Kinshasa wakapora maduka, na uporaji ukaenea miji mingine. Januari 1993 wakalipwa kwa noti za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walizikataa, wakapora tena. Majenerali walikuwa na majumba, askari alikuwa na gwanda na bunduki. Na Uganda baadaye ikagunduliwa mishahara ya askari hewa, majina ya watu wasiokuwepo wanaolipwa kila mwezi. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani aliyekuwa mkuu wa jeshi lenyewe kwa hasara iliyotokana na askari hao. Askari hewa hupenda giza. Jedwali likiwa wazi na idadi ikikaguliwa, hana pa kujificha.

TUNADAI NINI

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Kesho watasema chama chetu kinachochea jeshi. Waambieni hivi: sisi hatuwaonei gere maofisa. Mtu anayekubali kufa kwa ajili yetu astahili nyumba nzuri na watoto wasome. Tunachodai ni kuona mlango aliopitia.

Tunadai jedwali la mishahara na posho za jeshi, kutoka kuruta hadi jenerali, lichapwe kila mwaka na kuuzwa dukani kama gazeti. Tunadai mkopo wowote wa nyumba unaotolewa kwa afisa, sajini naye aupate kwa masharti yale yale. Tunadai mjane akilipwa, apewe karatasi inayoonyesha hesabu imepigwaje, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Na tunadai idadi ya wanaolipwa ikaguliwe na mtu asiyevaa gwanda. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomwambia adui mizinga yetu iko wapi.

Mama amekwishafariki, haya hayamfai tena. Lakini meja yule nilimwona miaka michache iliyopita, mzee sasa, anatembelea fimbo. Tulisalimiana vizuri, akamuulizia mama. Niliposimama naye barabarani kijana mmoja wa bodaboda akapita, akaitazama ile nyumba ya ghorofa nyuma yetu, akasema kwa sauti, "Hawa ndio waliokula nchi." Mzee alisikia. Hakujibu kitu. Akaingia ndani, akafunga geti.

Inawezekana kijana alisema kweli. Inawezekana alimwonea mtu aliyejenga kwa jasho lake. Mimi niliyemjua mzee huyo tangu nikiwa mtoto, nilisimama pale nikashindwa kumtetea na nikashindwa kumshitaki.